Herufi Mbili Nilizomwongezea Leokadia

Simu zenu zina mtu ndani yake. Ukikosea neno la Kiingereza anapiga mstari mwekundu chini yake, unarekebisha, na hakuna binadamu anayejua kwamba ulikosea. Nawaonea wivu. Mimi nilitaipu barua za watu kwa miaka ishirini na saba, na mstari wangu mwekundu ulikuwa uso wa bosi anapoisoma barua. Asipoisoma, kosa linatoka nje ya ofisi likiwa limegongwa muhuri.

Naitwa Adela. Nilianza kama mpiga chapa, baadaye wakaniita katibu muhtasi, katika shirika moja la umma la mambo ya pamba hapa Mwanza. Jina lake silitaji, na lenyewe halipo tena. Ninyi mnaoanza kazi za ofisi mkinitembelea huwa mnataka kusikia habari za taipureta, mkidhani ilikuwa adhabu. Haikuwa adhabu. Unachukua karatasi tatu, kaboni mbili katikati, upande unaong'aa ukitazama chini. Unazigonga mezani zilingane, unazungusha rola, unapiga. Vidole vyote viwe na nguvu sawasawa, kwa sababu nakala ya tatu ndiyo inayokwenda kwenye faili, na ikififia utaulizwa. Herufi o ukiipiga kwa hasira inatoboa karatasi. Ukikosea unafuta nakala zote tatu, moja baada ya nyingine, huku umepachika kipande cha karatasi nyuma ya kila moja ili wino usipenye. Kwa hiyo tulijifunza kutokosea. Kutokosea herufi, namaanisha. Maana ya maneno ilikuwa shughuli ya mtu mwingine.

Kiingereza nilichokitaipu nilikijua kwa sura tu. Nilijua "hereby" ina e mbili na "committee" ina herufi pacha mara tatu. Lakini tabia za maneno hayo sikuzijua, kama unavyoweza kumjua mtu kwa kupishana naye kila asubuhi bila kusikia sauti yake. Jambo hilo lilikuwa linaniwasha. Nilikuwa mtu wa kuuliza tangu utoto, na huko Sengerema nilikozaliwa bibi yangu aliniita Kwanini.

Basi ilipofika miaka ya tisini, mashirika yakaanza kuuzwa. Viwanda vipya vya minofu ya sangara vikasimama kando ya ziwa, wenyewe wageni, na kila mtu akawa anasema kwamba asiyejua Kiingereza ataachwa. Watu wazima wakaanza kutafuta madarasa. Mimi nilipata langu kwenye ukumbi wa parokia moja, Kirumba, kila Jumanne na Alhamisi baada ya saa za kazi. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kihaya, amestaafu, anaishi Butimba. Jina lake Kokusima, sisi tukamwita Mwalimu Koku. Alikuwa akitafuna buni za kahawa zilizokaushwa muda wote, akifundisha zikiwa shavuni, na ukiuliza swali zuri anakupa moja.

Siku ya kwanza alichora samaki ubaoni. Kushoto kwake akaandika "the", akaacha nafasi, kisha akaandika "fish".

"Usiniambie hiki ni kivumishi," alisema. "Wengi wanasema tu. Nionyeshe. Likiingia hapa katikati, tunalishuku. Kisha tunaliwekea 'very' mbele. Likikubali, tunalikamata."

Tukawa tunatupa maneno kwenye lile pengo. "Big" likaingia. "Fresh" likaingia. Mtu akasema "eat", ikawa "the eat fish", tukacheka wote, hata aliyelitaja. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho miaka mingi ya kutaipu haikunipa: sikio lenyewe linajua, ukilipa mahali pa kujaribia.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona vivumishi vyao havibadiliki? Sisi tunasema samaki mkubwa, kisu kikubwa, visu vikubwa. Wao ni big, big, big."

"Vya kwetu vinavaa sare ya jina," alisema Mwalimu Koku. "Vya kwao vinatembea kiraia. Lakini hata sisi tunavyo visivyovaa sare. Vitaje."

Halafu mzee mmoja wa nyuma akasema, "Safi." Kweli! Samaki safi, kisu safi, visu safi. Tukaanza kumwaga: hodari, rahisi, ghali, imara. Nilikuwa nimezungumza Kiswahili maisha yangu yote na sikuwahi kuliona hilo. Nilipewa buni yangu, nikarudi nyumbani kwa miguu nikitafuta mengine njia nzima, nikajikuta nimeipita nyumba yangu.

Darasani alikuwemo Bwana Deus, muuza sangara pale soko la Mwaloni. Siku tuliyojifunza viambishi vya mwisho, kwamba "salt" ni chumvi na "salty" ni yenye chumvi, "dust" ni vumbi na "dusty" ni yenye vumbi, Mwalimu alitaka kila mtu ajieleze kwa sentensi moja. Bwana Deus akasimama akasoma kwa sauti nene: "I am an honest man in a fishy business."

Mwalimu Koku alicheka hadi buni zikamtoka mdomoni. Alipopata pumzi akamweleza kwamba "fishy" ni yenye harufu ya samaki, sawa, lakini watu pia hulitumia kwa jambo lenye mashaka. "Umesema wewe ni mwaminifu katika biashara ya kitapeli."

"Basi Waingereza hawawajui samaki wetu," alijibu Bwana Deus, akaketi amenuna. Mimi niliandika daftarini: maneno mengine yakivaa mkia yanabadilika tabia. Ningekuwa nimesoma vizuri nilichokiandika mwenyewe, nisingekuwa na hadithi hii ya kuwaeleza.

Jumanne iliyofuata tulijifunza mkia wa l na y. Kivumishi kinaeleza jina, kielezi kinaeleza kitendo, na ukitaka kukitoa kivumishi kwenye jina ukipeleke kwenye kitendo, mara nyingi unakiongezea herufi hizo mbili. "Slow" ni mwenye kwenda polepole, "slowly" ni namna anavyokwenda. "Careful" ni mwangalifu, "carefully" ni kwa uangalifu. Nililipenda somo hilo kuliko yote. Kwetu sisi "vizuri" inafanya kazi zote mbili, vitabu vizuri na kuimba vizuri, lazima uangalie ilipokaa ndipo ujue. Wao wamekiwekea kitendo alama yake. Nikaandika kwa herufi kubwa: KITENDO KINATAKA -LY. Mwalimu alikuwa amesema "mara nyingi". Maneno hayo mawili sikuyaandika.

Wiki hiyo hiyo orodha ya waliopunguzwa kazi ikabandikwa.

Mkuu wetu wa utawala alikuwa Mzee Masanja, Msukuma mrefu, mpole, mwenye mwandiko uliolala upande kama mtama uliopigwa na upepo. Kila aliyekuwemo kwenye orodha alistahili barua ya sifa, ile ya kumsaidia kupata kazi kwingine. Angeweza kunipa barua moja nikaipiga mara nyingi nikibadilisha majina. Hakufanya hivyo. Aliketi siku mbili akaandika kila moja kwa mkono wake, kila mtu na sifa zake, kwa Kiingereza, kwa kuwa waajiri wapya walitaka Kiingereza. Kisha akaniletea furushi la rasimu. Nilipomaliza kupiga alisaini zote kwa mfululizo bila kuzisoma. "Adela akipiga, mimi nasaini," alizoea kusema, na mimi nilijivunia maneno hayo.

Katika furushi hilo ilikuwemo barua ya Leokadia. Leokadia alikuwa karani wa stoo ya vipuri, mama wa Kijita, mfupi, mkavu wa maneno, rafiki yangu wa kula naye mchana. Stoo yake ungeweza kuingia gizani ukaokota boliti unayoitaka. Mzee Masanja alikuwa ameandika kwamba ni mwaminifu, ni mwangalifu, na kwamba kwa miaka kumi na mmoja "she worked hard".

Vidole vyangu vikasimama. "Hard" ni ngumu, kivumishi, the hard stone. Lakini hapa lilikuwa linaeleza kitendo. Mkia uko wapi? Mzee wa watu amesahau mkia!

Nilifurahi, siwafichi. Nilifurahi kama mtoto aliyemkuta mwalimu amekosea ubaoni. Nikaongeza herufi mbili. "She worked hardly." Hata kwa macho ilionekana imetimia zaidi.

Siku tatu baadaye Leokadia aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi. Alikuwa ameipeleka barua kwenye kiwanda kimoja cha minofu kilichokuwa kinatafuta mtu wa stoo. Alikaa kwenye kiti cha wageni, pochi mapajani.

"Yule afisa utumishi ameisoma," alisema. "Akainua kichwa, akaniangalia, akaisoma tena. Akaniuliza, 'Mama, umesomewa barua hii?' Nikamwambia Kiingereza changu ni cha majina ya vipuri. Akanirudishia. Akasema, 'Samahani, mama, bosi wako anasema miaka kumi na mmoja ni kama hukufanya kazi.'"

"Haiwezekani," nilisema, na nilimaanisha hivyo. Wakati huo sikushuku kitu.

"Inawezekana. Ni ule mkanda. Aliuweka moyoni."

Niliujua mkanda wenyewe. Miaka kadhaa nyuma, Ijumaa moja, lori lilikuwa limekwama na Mzee Masanja akaja stoo mwenyewe kuchukua mkanda wa injini bila karatasi iliyosainiwa. Leokadia alimkatalia mbele ya madereva. "Mzee, hata ungekuwa baba yangu mzazi. Saini kwanza." Mzee alikasirika, akaondoka mikono mitupu, na lori likalala porini. Jumatatu alikuja na karatasi yake, akasaini, akachukua mkanda, na jambo likaisha. Sisi sote tulidhani liliisha.

Leokadia akainuka, akaelekea moja kwa moja kwenye ukumbi wa ofisi alikokuwa Mzee Masanja akifunga mafaili kwa kamba. Nilimfuata nikiwa na hofu. Watu walikuwepo, labda sita au saba. Alisimama mbele yake, akamtazama usoni.

"Leo shikamoo sikupi, Mzee," alisema. Kisha akageuka akaondoka.

Mnajua uzito wa neno hilo. Mzee wa miaka hamsini na kitu, mwenye wajukuu, amenyimwa shikamoo mbele ya watu wa ofisini kwake. Alibaki ameshika kamba. "Ni uchungu wa kupunguzwa," alituambia taratibu. "Msimlaumu." Tukatawanyika, hakuna aliyejua pa kutazama.

Nilichukua nakala ya kaboni kwenye faili. Nilitaka kumwonyesha Mwalimu Koku, aniambie kama yule afisa utumishi anajua kusoma. Alhamisi nilifika ukumbini mapema, nikampa. Aliisoma mara moja tu.

"Nani ameandika hii?"

"Bosi wangu."

"Basi bosi wako hampendi mama huyu."

"Lakini Mwalimu, si anasema alifanya kazi kwa bidii? Hard, hardly. Kama slow, slowly."

Aliacha kutafuna. "Hapana, Adela. 'Hard' inafanya kazi zote mbili kama 'vizuri' yetu. The hard stone, she works hard, haibadiliki. 'Hardly' ni neno jingine. Lilizaliwa humo humo lakini lilihama zamani. Maana yake ni 'kwa shida', 'ni kama hapana'. Hapa limekaa mahali pake pabaya, ila msomaji ataelewa tu: mama huyu kazi hakuifanya." Akaenda ubaoni, hakuweza kujizuia, mwalimu ni mwalimu. "Lina wenzake. 'She came late', alikuja amechelewa. 'Lately' ni siku hizi. 'Near' ni karibu, umbali. 'Nearly' ni nusura."

Na mimi, watoto wangu, nilikuwa naandika. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba nimemfungia mtu mlango, lakini mkono uliendelea kuandika late, lately, near, nearly, kwa sababu lilikuwa jambo la kupendeza. Sijajua hadi leo nijilaumu kwa hilo au vipi.

Mwalimu Koku aliigeuza barua, akaiangalia tena. "Mtu aliyeandika sentensi hizi nyingine," alisema polepole, "hawezi kuandika hili neno hapa. Adela. Ni bosi?"

"Ni mimi, Mwalimu."

Akaomba daftari langu. Akafunua hadi Jumanne ile, akaona maandishi makubwa. "Nilisema mara nyingi," alisema. "Umeyaacha wapi?"

Siku hiyo sikukaa darasani.

Kesho yake asubuhi nilimngoja Mzee Masanja mlangoni kwake nikiwa na rasimu yake mkono mmoja na nakala mkono wa pili. Rasimu sikuwa naitupa kamwe hadi mwaka uishe. Huo ni ushauri wa bure kwenu: mtunze kile mlichokinakili, siku moja kitamsafisha mtu, hata kama kitawachafua ninyi. Alivaa miwani, akaziweka karatasi sambamba mezani, kidole kikateremka mstari kwa mstari hadi kikasimama.

"Kwa hiyo hii ndiyo shikamoo niliyonyimwa," alisema.

"Nilidhani umesahau, Mzee. Nikakusahihisha."

Nilikuwa nimeshajiandaa kufukuzwa. "Na saini hii ni ya nani?" aliuliza.

"Yako, Mzee."

"Basi tuna kosa sisi wawili. Iandike upya, hapa, nikiwa nimesimama."

Niliiandika upya, akaisoma yote kabla ya kusaini. Tukatoka kwa miguu hadi Kirumba, kwa Leokadia. Tulimkuta uani anafua. Alipomwona Mzee hakuinuka. Mzee Masanja akataka kusema, nikamwomba niseme mimi. Nikaeleza yote: mkia, herufi mbili, Mwalimu Koku, rasimu. Leokadia alisikiliza povu likimkauka mikononi. Nilipomaliza alijifuta kwa kanga, akasimama, akapiga goti kidogo mbele ya yule mzee.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Nilipaswa kuisoma."

Kisha akanigeukia. "Wewe ulikuwa unajifunza."

"Ndiyo."

"Ukajifunzia kwenye barua yangu."

Nimesikia maneno mengi makali katika maisha yangu. Hayo hayakuwa na sauti kubwa, wala tusi, na ndiyo ninayoyakumbuka.

Tulikwenda kiwandani wote watatu siku ile ile. Afisa utumishi alizisoma barua zote mbili, akaangalia rasimu, akatikisa kichwa. Alikuwa mtu mwenye utu, alimwomba Leokadia radhi. Lakini nafasi ya stoo alikuwa amempa mtu mwingine siku moja kabla. Aliandika jina la Leokadia kwenye kitabu chake, akasema atamwita. Hakumwita.

Leokadia akavuka na kivuko kwenda Sengerema, kwa dada yake aliyeolewa huko, kulima. Alikaa msimu mzima. Ilikuwa ajabu kwangu, yeye kuishi katika wilaya yangu ya kuzaliwa na mimi kuishi karibu na chumba chake kilichofungwa, hatusalimiani. Nilimtumia salamu kwa watu mara mbili. Majibu hayakuja. Darasani niliendelea kwenda, lakini nilikuwa nakaa nyuma na sikuuliza sana.

Halafu Jumanne moja mlango wa ukumbi ukafunguka katikati ya somo, akaingia Leokadia, amekonda, amechomwa na jua la shamba, daftari jipya mkononi. Mwalimu Koku akamuuliza anataka nini.

"Nataka kujua kusoma kinachoandikwa juu yangu," alisema.

Akaketishwa mbele. Mimi hakunitazama.

Nimefundishwa na watu wengi, na nimewaona wanafunzi wengi, lakini sijaona aliyejifunza kama huyo mama. Alikuwa na akili ya stoo. Kila neno alilitengenezea kadi ndogo kutoka kwenye maboksi ya sabuni, akazipanga kwenye trei la kuanikia dagaa: vivumishi hapa, vielezi hapa, na safu ya tatu ya maneno yanayokaa pande zote mbili, "hard", "fast", "early". Yenye mkia wa ly lakini ni vivumishi tu, kama "friendly" na "lonely", aliyawekea kona yao. Kila kadi nyuma yake aliandika sentensi moja ya Kiswahili inayohusu kazi yake, wala si sentensi za kitabuni. Mkitaka njia ya kujifunza lugha ya watu, chukueni hiyo. Siku moja alipita karibu na benchi langu, akaweka kadi mbele yangu bila neno. Ilikuwa "hardly". Nyuma ameandika: Adela ni kama hazungumzi nami siku hizi.

Nikamwambia, "Ni wewe usiyezungumza."

"Basi ni sisi wawili," alisema. Tukaanza tena hapo, polepole, kwa salamu na habari za nyumbani. Urafiki wa kula pamoja haukurudi mara moja.

Shirika lilipofungwa kabisa na mimi nikatoka. Vifaa vya ofisi viliuzwa kwa mnada na nikainunua taipureta yangu mwenyewe, nikaiweka kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya shule mjini. Watu walikuwa wengi siku hizo, kila mmoja anaomba kazi kwenye kampuni mpya. Leokadia alikuja asubuhi moja na barua aliyoiandika kwa mkono, ya kuomba stoo ya vifungashio kwenye kiwanda kingine cha samaki. Kazi hiyo aliipata, nawaambia mapema msije mkasikiliza kwa wasiwasi. Aliifanya hadi alipostaafu, na ile stoo nayo ungeweza kuingia gizani.

Aliniwekea barua mezani, akasimama nyuma yangu. Nilihisi pumzi yake shingoni. Nikapachika karatasi, nikaanza. Ilikuwa barua fupi, safi, inayojua inachotaka. Nikafika mahali alipoandika: "I count the same things every day and I am never bored."

Vidole vikasimama.

Nilijua -ed ni ya jambo lililopita. Yeye anasema kila siku, maana yake sasa. Tena "boring" nilikuwa nimeshalisikia kwa vijana wa mjini, likihusu mambo ya kuchosha. Nikaona wazi kabisa: alipaswa kuandika "I am never boring". Kidole changu kilikuwa juu ya herufi i. Jamani, kilikuwa juu yake.

Nikakitoa. Nikageuka.

"Leokadia, hapa umeandika 'bored'. Ndivyo ulivyotaka, au ni 'boring'?"

"Kwa nini unauliza?"

"Naona kama..."

"Unaona kama." Akazunguka meza akasimama mbele yangu. "Somo hili hukuwepo. Ulikuwa na malaria. Mwalimu alituuliza: kazi inafanya nini? Inachosha. Mtu je? Anachoka. Kinachochosha ndicho 'boring'. Mtu aliyechoshwa ndiye 'bored'. Ni vivumishi vyote viwili, jaribu kwa 'very' uone. Sisi tumeyatenganisha kwa -sha, wao kwa mkia."

Choka, chosha. Nikayarudia kinywani kama mtu anayeonja. Vua na vulia hapana, lakini shtuka na shtusha, furahi na furahisha, yote yalikuwa yanajipanga! Nilikuwa nimesahau kwamba kuna barua kwenye mashine.

"Ukiweka 'boring'," aliendelea Leokadia, "nitakuwa nimewaambia kwamba mimi siwachoshi watu."

"Kwani si kweli?"

"Inawezekana ni kweli. Lakini hawakuniuliza."

Nilicheka, naye akacheka, kwa mara ya kwanza pamoja tangu siku ile ya shikamoo. Mwenye duka akachungulia kuona kuna nini. Nikapiga b, o, r, e, d, nikafika mwisho, nikazungusha rola nikaitoa barua. Nikainuka nikampisha kwenye kiti changu.

Aliisoma kuanzia anwani hadi jina lake, kidole kikitembea chini ya kila neno, midomo ikisogea, watu wawili waliokuwa kwenye foleni wakisubiri bila kunung'unika. Alipofika chini alichukua kalamu yangu akasaini.

"Ndiyo," alisema. "Huyu ndiye mimi."